Maadili ya Mtoto Hayaishii Katika Kukariri

(Maelezo ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Ikungi, mkoani Singida)



Mitaala mipya ya elimu iliyotolewa mwaka 2023, na kuanza kutumika kwa awamu mwaka 2024, imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Wazazi wengi wamelipokea kwa furaha, kwa kuwa kila mzazi angependa mwanawe awe na adabu. Lakini si mara ya kwanza kwa nchi hii kumpa mtoto kitabu na kutarajia kwamba atakuwa mwema kwa sababu ya kukisoma. Kwa hiyo, kabla mwalimu hajafungua ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya, inafaa kutazama nyuma na kuuliza: vitabu vya mwanzo vya dini na adabu vilivyotiwa mikononi mwa watoto wa Afrika Mashariki vilifanya kazi gani? Vilifaulu wapi, na vilishindwa wapi?

Swali hili haliwahusu wanahistoria peke yao. Linamhusu kila mwalimu anayesimama mbele ya darasa huko Puma, Sepuka au Ihanja, na kila mtumishi anayeketi nyuma ya meza ya ofisi akiwahudumia wananchi.

Historia hiyo inaanzia pwani. Karne nyingi kabla ya shule za serikali, miji ya Waswahili ilikuwa na vyuo vya Kurani. Mtoto alianza kwa kuandikiwa herufi za Kiarabu juu ya ubao wa mti. Alipozijua zilifutwa, akaandikiwa nyingine. Baadaye aliingia katika sura fupi za Juzuu ya Amma. Aliyeendelea mbele alisomeshwa vitabu vidogo vya ibada, na kimojawapo kilichoenea sana pwani ni Safinat an-Naja, kilichotungwa katika karne ya 19 na mwanachuoni wa asili ya Hadhramaut, Salim bin Sumeir. Ni kitabu chembamba. Nguzo na masharti ya ibada yamepangwa humo kwa hesabu, moja baada ya jingine, ili mwanafunzi ayashike kichwani hata kama hana nakala yake mwenyewe.

Pamoja na kitabu cha Kiarabu palikuwa na utenzi wa Kiswahili. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate alimtungia binti yake utenzi wa beti zaidi ya 100, akimwusia juu ya dini, heshima na maisha ya nyumbani. Yako mambo katika wosia huo, hasa juu ya unyenyekevu wa mke mbele ya mume, ambayo mwanamke wa leo atayahoji, naye ana haki ya kuyahoji. Hata hivyo kazi hiyo inatoa funzo kubwa kwa walimu. Mama aliyekuwa mgonjwa alimsemesha mwanawe kwa lugha ya nyumbani, kwa mizani inayokaa moyoni, juu ya mambo ambayo binti huyo angekutana nayo kesho yake. Maadili hayakuletwa kutoka mbali. Yalitoka kinywani mwa mtu ambaye mtoto alimjua na kumpenda.

Hata hivyo upungufu ulikuwapo. Watoto wengi wa chuoni walisoma kwa sauti maneno ambayo maana yake hawakuielewa. Katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alishughulika sana na jambo hilo. Katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah, na katika vijitabu vyake vya masomo ya dini, aliwaandikia Waislamu kwa Kiswahili ili dini ieleweke na isiwe sauti tupu. Baada yake Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, mwalimu wa Zanzibar aliyepata kuwa Kadhi Mkuu huko na baadaye Kenya, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyokamilika mwaka 1969. Wanavyuoni hao wawili waliuona ukweli mmoja: mtoto hawezi kulitenda asilolielewa.

Vitabu vya watoto katika herufi za Kirumi vina historia nyingine, nayo imefungamana na msiba wa utumwa. Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto walionyang'anywa kutoka kwa wafanya biashara ya watumwa. Watoto hao walifundishwa kusoma, na baadhi yao wakafundishwa kazi ya chapa. Mikono iliyokuwa imekusudiwa kutumikishwa na mabwana ndiyo iliyopanga herufi za karatasi za kusomea, sala na hadithi za Maandiko. Kutokana na shule hizo John Swedi alipata ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa akawa kasisi mwaka 1890.

Ni lazima haki itendeke katika kuyapima mambo haya. Wamisionari walikuja na makosa yao, na mengine yalikuwa makubwa, lakini mtoto aliyeuzwa kama gunia la karafuu alipewa karatasi iliyomwambia kwamba yeye ni mtu mwenye thamani mbele ya Mungu. Hilo halikuwa jambo dogo kwa mtoto huyo.

Kutoka pwani, kitabu kiliingia bara. Alexander Mackay alifika Buganda mwaka 1878 akiwa na mtambo mdogo wa chapa, na vijana wa jumba la mfalme wakaanza kung'ang'ania karatasi za kusomea. Wafuasi wa dini mpya, Wakatoliki na Waprotestanti, wakaitwa wasomaji. Kuamini na kusoma vikawa jambo moja katika fikra za watu. Ndivyo ilivyokuwa pia katika sehemu nyingi za Tanganyika. Mtu akisema fulani "anasoma", jirani alielewa kwamba anajiandaa kubatizwa.

Singida haikubaki nje ya mkondo huo. Uislamu ulisogea bara pamoja na misafara iliyopita njia ya kati kuelekea Tabora. Wakatoliki walijenga misheni, na Makiungu ni jina linalojulikana hadi leo kwa kanisa lake na hospitali yake. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walianza kazi katika nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba katika miaka ya 1920. Hivyo mtoto wa Kinyaturu, aliyezoea kufundishwa adabu na bibi yake kando ya moto kwa ngano na vitendawili vya Kinyaturu, alikutana na mwalimu mpya. Mwalimu huyo alikuwa katekista au mwalimu wa chuo, na mkononi alikuwa na kijitabu cha Kiswahili au juzuu ya Kiarabu.

Kijitabu cha Kikristo kilikuwa na umbo lake maalumu, yaani umbo la swali na jibu. Umbo hilo lilitoka mbali. Martin Luther alitoa Katekisimu yake Ndogo mwaka 1529, baada ya kuona jinsi watu wa vijiji vya Ujerumani walivyokuwa hawajui hata mambo ya msingi ya imani yao. Wakatoliki nao wakawa na katekisimu zao katika karne hiyo hiyo. Mwalimu huuliza na mtoto hujibu, na jibu ni lile lile lililoandikwa, neno kwa neno.

Yapo mambo matatu ambayo umbo hilo lilifaulu. Kwanza, kitabu kilikuwa kifupi na rahisi kwa bei, kikaweza kufika mahali ambapo barabara haikufika. Pili, mtoto mmoja aliyejua kusoma aliweza kuwafundisha wengi wasiojua, kwa sababu mafundisho yalibebwa na sauti. Jioni aliyakariri nyumbani, na wazee wakayasikia. Tatu, hakikuwapo kitabu bila mwalimu. Katekista aliishi kijijini, akalima shamba kama wengine, na mwenendo wake ukatazamwa na kila mtu. Akilewa au akidhulumu, kijiji kizima kilijua, na mafundisho yake yakapoteza nguvu siku hiyo hiyo.

Lakini yapo pia mambo matatu ambayo vitabu hivyo vilishindwa, na ni lazima yatajwe wazi.

La kwanza ni kwamba mtoto alifundishwa kujibu, hakufundishwa kuuliza. Swali lilikuwa mali ya mwalimu. Mtoto aliyeuliza la kwake alionekana mkaidi. Elimu ya namna hiyo humzoesha mtu kutii sauti yoyote yenye mamlaka, iwe ya haki au ya dhuluma, na mkoloni hakuchukizwa na zao hilo. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1925 juu ya elimu katika makoloni yake ya Afrika ulisisitiza mafundisho ya dini na tabia. Lakini serikali hiyo hiyo haikumwuliza Mwafrika kama kutawaliwa bila ridhaa yake kulipatana na maadili hayo.

La pili ni kwamba vitabu vingi vilimfundisha mtoto kuiona nyumba ya babu yake kuwa nyumba ya giza. Ngoma, jando, matambiko na hekima ya wazee vilitupwa katika kapu moja lililoandikwa ushenzi. Yamkini mila nyingine zilistahili kuachwa, na jamii yenyewe imeziacha. Lakini mtoto aliyeambiwa kwamba wazazi wake hawakuwa na adabu yoyote hadi mgeni alipofika alinyang'anywa msingi ambao juu yake adabu mpya ingejengwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa mtoto aliambiwa asimsikilize mamaye.

La tatu ni mgawanyiko. Kila dhehebu lilikuwa na shule yake na kitabu chake, na mara nyingine kitabu hicho kilimfundisha mtoto kumtazama jirani kwa jicho la shaka. Chukua mfano wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi. Mbotela alitoka katika jamii ya watumwa waliowekwa huru na kukaa Freretown karibu na Mombasa. Alikuwa na haki ya kusimulia mateso ya watu wake. Lakini katika masimulizi hayo Mwarabu ni mtesaji na Mwingereza ni mkombozi, na mtoto aliyeyasoma chini ya bendera ya Mwingereza hakupewa nafasi ya kuuliza kwa nini mkombozi huyo sasa amekuwa bwana. Zaidi ya hayo, kwa kuwa shule nyingi za Tanganyika zilikuwa za misheni, watoto wengi wa Kiislamu walibaki nyuma katika elimu, kwa kuwa wazazi wao walihofia kwamba watabadilishwa dini.

Taifa huru lilikuta urithi huo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko ya Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya umma, na mtoto wa Kiislamu, wa Kikatoliki na wa Kilutheri wakaketi dawati moja kwa haki. Dini haikufukuzwa. Ilipewa kipindi chake, na viongozi wa dini wakaruhusiwa kuwafundisha watoto wao. Huu ni mmoja wa uamuzi uliolinda amani ya nchi hii, na kizazi cha sasa hakina budi kuuthamini.

Mwalimu mwenyewe alionyesha jinsi urithi wa pande mbili unavyoweza kukutana. Alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943 baada ya kusoma katekisimu. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwisho, alipotaka kuwasimulia Waswahili habari za Injili, alichukua umbo la utenzi, umbo lililokuzwa na washairi wa Kiislamu wa pwani. Utenzi wa Enjili ulitoka mwaka 1996. Mapema zaidi Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alikuwa ameandika Adili na Nduguze, kitabu kilichosomwa na watoto wa dini zote bila yeyote kuona kwamba ametengwa. Maadili ya pamoja yana lugha yake hapa nchini, nayo ni Kiswahili.

Lakini ni lazima pia kujikosoa kusemwe, kwa kuwa Chama kimefundisha siku zote kwamba kujikosoa ni silaha. Baada ya mwaka 1967 somo la Siasa liliingia shuleni, na watoto wakakariri ahadi za mwana-TANU. Ahadi zenyewe zilikuwa njema, na mojawapo ilihusu kutotoa wala kupokea rushwa. Lakini katika madarasa mengi zilifundishwa kwa njia ile ile ya kijitabu cha zamani: mwalimu anauliza, darasa linajibu kwa sauti moja, kengele inalia. Baadhi ya watoto hao walikua, wakaajiriwa, wakapewa mihuri na funguo za ofisi. Je, rushwa ilikoma? Kila aliyekaa katika foleni ya ofisi ya umma anajua jibu. Ahadi ilikuwa katika ulimi, haikuwa imeshuka moyoni. Somo likabadilishwa jina, likawa Uraia, baadaye Uraia na Maadili, na sasa Historia ya Tanzania na Maadili. Jina jipya halitoshi kama njia ya kufundisha itabaki ile ile.

Hapa ndipo penye hatari, ndugu walimu. Somo lolote likishaingia katika mtihani hugeuka haraka kuwa orodha. "Taja faida nne za uaminifu." Mtoto mwenye kumbukumbu atazitaja zote nne na kupata alama zote, huku kalamu anayoandikia ameiiba kwa jirani. Mtihani hauna jicho la kuiona kalamu hiyo. Mwalimu analo.

Basi ifanywe nini hapa Ikungi, katika wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Singida Vijijini? Yapo mambo manne yaliyo katika uwezo wa watu walioko hapa, bila ya kungoja fedha kutoka Dodoma.

Kwanza, swali lirudishwe kwa mtoto. Badala ya kuuliza maana ya uaminifu, mwalimu aeleze kisa. Mtoto ametumwa dukani kununua sukari, na mwenye duka, kwa kukosea, amemrudishia chenji iliyozidi. Nyumbani hakuna mboga. Afanye nini? Watoto wabishane. Mmoja atasema arudishe, mwingine atasema Mungu amempa. Katika mabishano hayo mtoto anaanza kupima mwenyewe, na akifika kwenye jibu atalishika kwa kuwa ni lake.

Pili, wazee waingie darasani. Bibi wa Kinyaturu anayejua ngano za sungura na fisi ni hazina ambayo haimo katika kitabu chochote kilichotoka kiwandani. Aje asimulie. Akitaka kusimulia kwa Kinyaturu, watoto watafsiri kwa Kiswahili na waandike. Kwa njia hiyo darasa litatunga kitabu chake, na kosa la zamani, la kumfanya mtoto aionee haya nyumba ya babu yake, litasahihishwa kwa vitendo.

Tatu, kitabu kitoke kabatini. Vijitabu vya mwanzo vilikuwa na nguvu kwa sababu vilifika nyumbani na kusomwa kwa sauti. Kitabu kinachofungiwa ofisini ili kisichakae hakimfundishi mtu. Pasipo nakala za kutosha, mtoto mmoja asome na wengine wasikilize, kama ilivyokuwa kale. Na pasisahauliwe watoto wasioona, ambao hapa Ikungi husoma pamoja na wenzao katika Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko. Kwao kitabu ni nukta nundu chini ya vidole, au ni sauti ya mwenzao anayewasomea. Mtoto anayeona akikaa nusu saa kila siku kumsomea mwenziwe, amejifunza maadili ya siku hiyo hata kabla ya kipindi kuanza.

Nne, na hili linawahusu zaidi watumishi wa umma, mtu mzima ajue kwamba yeye mwenyewe ni kitabu. Mtoto huongozana na mama yake kwenda kufuata cheti cha kuzaliwa, kwenda zahanati, kwenda kwa mtendaji wa kijiji. Anasimama kando, ameshika kanga ya mama, kimya. Anamwona mtumishi akimwita mama yake kwa heshima, au akimfokea. Anamsikia akisema huduma hii haina malipo, au akiguna kwamba bado hajanywa chai. Mama anafungua fundo la kanga. Mtoto ameyasoma yote hayo, na kesho yake mwalimu akimfundisha kwamba rushwa ni adui wa haki, atajibu kama anavyotakiwa kujibu, huku akijua kwamba mambo ya darasani ni ya darasani.

Kwa sababu hiyo mzigo wa somo hili hauwezi kuachiwa mwalimu peke yake. Mwalimu wa chuo na katekista wa zamani walikuwa na faida moja: mtoto aliwaona wakiishi waliyoyafundisha, au aliwaona wakiyavunja. Taifa la leo ni kubwa kuliko kijiji, na mafundisho yake yamegawanywa kati ya mwalimu, karani, mganga, askari na mtendaji. Mmoja wao akienda kinyume, anafuta ubaoni yale yaliyoandikwa na wenzake.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Watoto wanaoanza kulisoma somo hili leo ndio watakaoketi katika viti vya ofisi za Ikungi baada ya miaka 20. Watawahudumia wazee, na wazee hao watakuwa ni ninyi wenyewe mnaosikiliza mazungumzo haya.